Kanuni Yako na Nyumba ya Bi Raya

Zuhura mwanangu,

Salamu zote za nyumba hii zishaliwa na wageni leo, kwa hiyo nisamehe, naingia moja kwa moja. Weye upo chumba cha pili, nakusikia unavyocheka na somo wako, na miye nipo jikoni, naandika juu ya sinia lililopinduliwa. Ningekwambia kwa mdomo, lakini ataniachia nani? Tangu uwekwe ndani, kila nikitia mguu mlangoni naambiwa mama wa biharusi asimzungumzishe biharusi mambo mazito, atamliza, na wanja utamchuruzika. Mtoto nimzae miye, ruhusa niombe kwa watu waliokuja kula biriani! Haya. Naandika, na barua nitaitia katika mkoba wako wa nguo za kesho, uisome kabla hawajakuvisha.

Ya chumbani na ya jikoni siandiki. Hayo ni ya somo wako anayekufunda, na kwa jinsi ninavyomsikia huko, keshayasema yote na mengine katia chumvi. Ya udi, ya asumini, ya kumwamkia mkweo asubuhi, yote unayo. Jambo langu ni moja tu, nalo ni kanuni yako, chombo chako cha nyuzi.

Unakumbuka mshenga alipokuja wiki iliyopita na salamu za Bi Raya. Alikaa pale ukumbini, akanywa kahawa yetu, akakohoa kohoa, halafu akasema kwamba mama wa bwana harusi anafurahi sana na biharusi, na aje na nguo zake, na kitanda chake, na kabati lake, na kila alicho nacho, ila ile kanuni ibaki kwao. Mimi nikakutazama weye nyuma ya pazia. Nikangoja. Nikasema sasa mwanangu atanena. Na weye ukasema, "Haya mama, iacheni. Sitaki ugomvi." Ukaenda zako kukosha nywele.

Nilikudharau, Zuhura. Nasema wazi, maana kesho hutokuwa wangu tena na sitopata nafasi ya kukudharau kwa utulivu. Mtu aliyelelewa na chombo mapajani, akakiacha kama anayeacha ndala mlango wa msikiti! Kama ungalia, ningekusamehe. Kama ungalisema umechoka nayo, ningekusamehe pia. Lakini ulisema "sitaki ugomvi" kwa sauti nzuri, sauti ya mtoto mwenye adabu, na pale ukumbini wote wakakusifu. Mashangazi zako wakasema maashallah, msichana msikivu. Mimi ndimi ninayejua maana ya msikivu, na pale hapakuwa na msikivu hata mmoja.

Sasa nikwambie nilikoyatoa haya, maana sikuzaliwa nayo.

Nilipoolewa na baba yako nikaletwa kuno Mkunazini, chumba changu kilikuwa hicho unacholala weye, na dirisha lake lilitazamana na ghorofa ya klabu ya taarabu. Baina yetu na wao ni kichochoro tu, hata ukinyoosha mkono na mwenzio akinyoosha wake, mtapeana limau. Mwanamke hakuwa akiingia mule. Lakini nani angezuia masikio? Wakifanya mazoezi, mimi nachagua mchele, nasikia. Kwanza nilisikia kelele. Halafu nikaanza kutenga: huyu ni wa fidla ya mbele, huyu ni wa fidla ya nyuma anayemfuata mwenzake kwa kuchelewa kidogo, huyu wa nai, ile filimbi ya mwanzi, anapumua vibaya leo, ana mafua. Nilimjua kila mmoja kwa mlio wake na sikuwa nimemwona hata mmoja kwa sura. Na katika wote, kanuni. Walipokuwa wakianza na bashrafu, ule muziki mtupu usio na maneno, vyombo vyote huenda pamoja, na chini yao kanuni inapita kama maji yanayojua njia. Kisha wenziwe wananyamaza, anaachiwa yeye peke yake. Mchele wangu ulikuwa ukiiva na mawe siku hizo, baba yako alivumilia sana.

Nikajitungia ujinga kichwani. Nikasema watu wanaotoa milio kama hii lazima wawe na nyoyo safi, wapole, hawasengenyi, hawana choyo. Hasa huyo wa kanuni. Nilimfanyia sura kabisa: mwembamba, mwenye ndevu nyeupe, anayekula kidogo.

Halafu siku moja pakawa na arusi ya ndugu yake baba yako, klabu ikaalikwa kupiga, na chakula cha wapigaji kikapikwa kwangu. Nilipika tangu alfajiri, wallahi, kama napikia masharifu. Wakaja. Mimi nikasimama nyuma ya pazia nione. Mwimbaji akayarudisha maji, ati si ya baridi. Wale wawili wa fidla wakagombea kiti kilicho karibu na dirisha, watu wazima wenye kanzu na koti, mmoja akanuna mpaka mwisho wa kula. Wa nai alikuwa hali, anahesabu vipande vya nyama katika sahani za wenzake. Na Maalim Sudi, mpiga kanuni wangu, alikuwa mnene kama pipa la nazi, akala kuliko wote, akamsengenya mwimbaji aliyekwenda kunawa, kisha akafuta vidole kwenye pazia langu. Vidole vile vile! Mimi nipo upande wa pili wa pazia, na mafuta ya biriani yananifikia puani.

Nililia siku ile. Baba yako akauliza kulikoni, nikamwambia moshi. Na kesho yake nikafunga dirisha. Nikalifunga muda mrefu, Zuhura, nikajifanya nina hasira na wapigaji, nikachagua mchele kimya kimya, ukawa mweupe hauna jiwe, na chakula kikawa hakina ladha. Niliudhika kwa pazia, nikaadhibu masikio yangu mwenyewe. Ujinga huo ulinipotezea bashrafu ambazo sitozisikia tena, maana Mapinduzi yalipokuja klabu ilifungwa, wapigaji wakatawanyika, wengine wakavuka bahari, na kile chumba cha ghorofani kikawa ofisi. Nilikwenda kulifungua dirisha siku hiyo. Nikamwona kijana anapiga mihuri. Pa, pa, pa, mchana kutwa. Hata mdundo hana.

Miezi ikapita ndipo Maalim Sudi akaja mlangoni na kanuni yake imefungwa shuka. Paa lake linavuja, anaomba imwekewe mahali pakavu. Baba yako alikubali kwa huruma. Miye nilikubali kwa tamaa, na nikajua kabisa ni tamaa. Akawa anakuja kuipiga kila alasiri, na anakuja na njaa, na anaondoka ameshiba. Weye ulikuwa mdogo, ulikaa karibu yake ukatazama zile kucha za pembe anazozivaa kwa pete vidoleni, na siku moja akakupa za vidole vya shahada, akakwambia piga. Hakukufundisha kwa wema, usije ukamfanya walii kwa kuwa kafa. Alikufundisha kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kujivunia mbele yake. Ukikosea alikuwa akikuita punda. Ukipatia alikuwa akisema, "Hivyo ndivyo nilivyopiga mimi." Mlafi, msengenyaji, mwenye majivuno. Na alipokuwa akipiga hijazi alasiri, ile sauti yenye huzuni, hata muuza kahawa alikuwa akisimama kichochoroni na madele yake.

Dirisha sikulifunga tena. Nilijua sasa kwamba mtu mdogo anaweza kubeba kitu kikubwa na kisimbadilishe hata kidogo, abaki vile vile na mafuta vidoleni. Usilie kwa hilo, ulipokee tu.

Nije kwa Bi Raya, maana hapo ndipo penye mwiba.

Unamjua kama mama wa Hamadi, mumeo wa kesho, mtu mzito, anayetembea katikati ya wanawake kama anapewa njia. Hujui kwamba alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukiazimana kanga na kuchekana. Na Raya anapenda taarabu kuliko watu wote wa mji huu, au ndivyo anavyodhani. Miye nakwambia wapenzi wa taarabu wa hapa kwetu wengi wao hawajaisikia hata mara moja. Watazame ukumbini. Bashrafu inapigwa, kwao ni wakati wa kutafuta viti. Huyu anaamkia, yule anapangusa mtoto, wakubwa wa siku hizi wapo mbele wamevuka miguu wanatazama saa. Mwimbaji akifungua mdomo tu, haya, kimya, kila mtu shingo imeota macho. Wanasikiliza nini? Wanasikiliza neno linamwendea nani. Na neno likishamwendea mtu, mwenye kisa chake anainuka na noti au kikuba cha asumini, anakwenda kwa madaha mpaka mbele, anamtunza mwimbaji pale pale penye mstari ule, na uso anaugeuza anakotaka uende. Basi ukumbi mzima umejua fulani kampiga fulani. Vigelegele. Kanuni imesema nini, fidla imejibu nini, hapana anayejua wala anayetaka kujua. Asiyejua maana haambiwi maana.

Sasa kulikuwa na arusi hapa mjini, mtaa wa Malindi, baada ya Mapinduzi kutulia kidogo, watu wameanza tena kualikana. Wakakusanywa wapigaji waliobaki, na Maalim Sudi akiwemo. Wiki zile zile mume wa Raya alikuwa ameoa mke wa pili Bububu, na mji mzima unajua, na Raya kaja arusini amevaa vizuri kuliko biharusi ili watu wasimwonee huruma. Tulikaa pamoja. Nikambania pini ya mtandio kwa mkono wangu.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mtu aliyepika akaliwa chakula chake na mwenzake. Mwimbaji akafika mwisho wa ubeti, akaukata, akarudi nyuma. Na Maalim Sudi akaachiwa peke yake. Zuhura, sijui alikuwa na nini mzee yule usiku ule. Labda hakushiba. Akapanda na kanuni taratibu, akafika mahali anapopafikia kila siku nyumbani kwetu, akapapita. Akenda mahali ambapo mimi sijawahi kumsikia akienda. Mwili wangu ukainuka wenyewe. Nilikuwa na kikuba kichwani, nikakichomoa, nikatoka mbele ya watu, nikamwekea Maalim Sudi juu ya mbao ya kanuni yake. Nikageuka kurudi. Na nikigeuka, uso wangu ukaangukia kwa Raya, maana ndiko nilikotoka, ndiko kiti changu kilikokuwa!

Vigelegele vilivyopigwa sijapata kuvisikia. Wanawake walisimama juu ya mikeka. Mimi sijui kinachotokea, nacheka kama mwendawazimu, nafikiri hatimaye watu wamesikia kanuni. Mpaka nilipomwona Raya anachukua buibui lake.

Nani katika ulimwengu huu anamtunza mpiga kanuni? Hapana. Anatunzwa mwimbaji, na anatunzwa kwa neno. Mimi niliinuka baada ya neno la chakula kilicholiwa na mwenzio, nikarudi nikimkabili mtu ambaye chakula chake kimeliwa. Hata kama ningalikuwa Raya ningeamini. Kesho yake wakaja wanawake hapa kunipongeza. Ndiyo, kunipongeza! "Umemkata, Bi Mwanakheri, umemkata bila ya kisu." Nikawatoa wote. Wakaenda kusema nina unyenyekevu.

Nikamwendea Raya kumweleza, na huko nikaharibu zaidi. Nilimwambia kwa kiburi, nikasema, mimi hata maneno siyasikilizi, maneno ni ya watu wasiojua muziki. Mtu amefedheheshwa, mimi naenda kumwambia hajui muziki! Alinifungulia mlango nikatoka. La kuvunda halina ubani. Tangu siku ile tukikutana Darajani tunasalimiana kwa pua.

Maalim Sudi kafa, kakuachia weye kanuni, na nadhani ni kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuihamisha. Halafu kaja huyo Hamadi wako, na fidla yake begani, ati kasikia kuna mtu Mkunazini anapiga mapigo ya Maalim Sudi. Akakaa ukumbini na baba yako, weye nyuma ya pazia, akapiga, ukamjibu. Nilikuwa jikoni. Nilijua kabla yenu. Fidla ile ilikuwa ikikungoja mwisho wa kila kauli, na mtu hangoji hivyo kwa adabu tu.

Mkono wa kulia wa Hamadi mimi nauheshimu. Ulimi wake ni wa kuku. Huyu mtu kakupenda kwa kanuni, hajakuona hata uso, na mama yake alipoweka sharti kwamba kanuni isiingie, kanyamaza. Nilimwuliza baba yako, kijana amesema nini? Baba yako kasema kijana kasema "inshaallah". Kila mwoga wa mji huu amejificha chini ya inshaallah, na Mungu hakuitia hapo kwa kazi hiyo. Lakini nakwambia usimchukie. Utamwona akinuna kwa kiti. Utamwona akirudisha maji, akimsengenya mwenziwe aliyepigiwa makofi kuliko yeye. Watakuja mashabiki watamwita ustadhi, naye atawaamini, atatembea wiki nzima ukumbini mwako kama jogoo. Mwache atembee. Weye sikiliza mkono wake. Siku mkono ukianza kudanganya, hiyo ndiyo siku ya kumwambia, na umwambie weye, maana hao wa makofi hawatajua.

Mshenga alipoondoka siku ile, kesho yake nilivaa buibui nikaenda Kikwajuni. Hukujua. Nilikwenda peke yangu, baada ya miaka yote hii, mpaka kwa Raya. Alinikaribisha vizuri, akanipa halua, akaulizia afya ya baba yako. Nikaona tutazunguka mpaka magharibi. Nikasema:

"Raya, mimi siku ile naliitunza kanuni."

Akaweka kikombe chini. Nikadhani atanifukuza. Akasema taratibu kabisa, "Najua."

"Unajua?"

"Nilijua tangu wiki ile ile. Nimekaa na weye miaka, sijui kama una wazimu na chombo kile? Lakini nani alikuona ukiitunza kanuni, Mwanakheri? Waliokuwepo walikuona ukinipiga mimi. Walichokiona watu ndicho kilichokuwa. Nimeishi nacho. Nimekwenda sokoni nacho."

Mwanangu, nimewadharau wengi katika barua hii na sijamaliza, lakini pale nilimheshimu Raya, na iliniuma kumheshimu. Kisha akasema, kama anayefunga sanduku, "Mwanao nampokea, na nitamweka kama wangu. Chombo kile hakipiti mlango wangu. Muziki tunaupenda, lakini hatuuoi. Na sitaki mtaa unione nimekikaribisha."

Nikala halua yake yote, nikarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima kauli ile inanizunguka. Walichokiona watu ndicho kilichokuwa.

Sasa sikiliza nilichofanya leo, usome mpaka mwisho kabla hujapiga kelele.

Weye umefungiwa ndani, hukuviona vyombo vyako vilivyokuwa vikitoka alasiri. Ulisikia ngoma na nyimbo, ukaambiwa vinakwenda. Kimetangulia nini, hukuuliza. Mashangazi walipanga kitanda mbele, kama kawaida, halafu kabati, halafu masanduku. Mimi nikaingia chumbani mwangu, nikaitoa kanuni kwenye shuka ya Maalim Sudi, nikaifuta vumbi kwa mtandio wangu, nikamtwika shangazi yako Bi Mize kichwani, wazi, bila ya kitambaa, nyuzi zinang'ara juani. Nikamwambia, tangulia mbele ya kitanda, usikimbie, usifunike, na mtu akikuuliza ni nini sema ni chombo cha biharusi. Bi Mize hapendi muziki lakini anapenda kutazamwa, nilichagua vizuri.

Wakapita Mkunazini yote. Wakapita Darajani wakati watu wametoka sokoni. Watoto wakafuata, wanawake wakatoka vibarazani, wauzaji wakaacha mizani. Kila mtu kaiona. Watu hawa hawa niliowadharau ujana wangu wote kwa kuwa macho yao makubwa na masikio yao madogo, leo nimewatumia macho. Walipofika Kikwajuni mtaa umejaa mpaka uani, na Bi Raya kasimama mlangoni kupokea vyombo vya mke wa mwanawe, kama ada.

Unajua mwenyewe, chombo cha biharusi kikishafika mlangoni hakirudishwi. Ukirudisha hata kijiko, mtaa utasema biharusi ana kasoro, au mwanao ana kasoro, na watachagua ile mbaya zaidi. Bi Mize anasema Raya aliitazama kanuni, akautazama mtaa, akaitazama tena. Ngoma ikapungua. Kisha Raya akapiga kigelegele, kirefu, cha mtu mwenye pumzi, akainua mikono akaipokea yeye mwenyewe kutoka kichwani kwa Bi Mize, akaingia nayo ndani. Alipotoka alimwuliza jambo moja tu: je, aliyeipanga mbele ni Mwanakheri? Bi Mize akasema ndiye. Raya akasema, "Haya." Bi Mize ananiapia kwamba hakuona hasira wala kicheko. Mimi nimelipima neno hilo tangu magharibi, sijui lina uzito gani. Utalijua weye, utakayekaa naye.

Basi kanuni ipo Kikwajuni, chumbani mwako, na mji mzima unajua ipo. Ukiiacha ukutani itaulizwa na kila mgeni. Usimwombe mtu ruhusa ya kuigusa. Jua la alasiri litakuwa limelegeza nyuzi, itie sauti upya asubuhi ya kwanza, polepole, uzi mmoja mmoja, hata kama nyumba nzima itakuwa kimya inakusikiliza. Hamadi akiwa ni mtu atachukua fidla yake akukute. Akisema inshaallah, piga peke yako.

Huenda nimekuharibia kwa mkweo kabla hujakaa. Nimelifikiria hilo. Nikasema bora akuchukie kwa sababu yangu na chombo chako kipo, kuliko akupende kwa kuwa ulikiacha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie keshokutwa, kesho una wanja.

Raya hakujua alichokuwa akinipa, na weye hukujua. Sharti lile lilikuwa linaniachia mimi kanuni. Ingebaki hapa hapa, juu ya sanduku, na alasiri ningekaa karibu yake. Nisingeweza kuipiga, lakini ningeigusa uzi mmoja nikiwa peke yangu, na baba yako angejifanya hakusikia. Usiku ule mshenga alipoondoka nililala na furaha hiyo, Zuhura, sikufichi. Niliijua ni tamaa ile ile, na ndiyo iliyonifanya niamke nikaenda Kikwajuni.

Nyumba hii leo ina watu wengi na kelele nyingi. Keshokutwa watakwenda zao, na alasiri itafika, na hapatokuwa na kitu cha kusikiliza.

Mama yako,
Mwanakheri